Mbwa Hakai Mkao: Namna David Hockney Alivyowachora Stanley na Boodgie

Anayechora mnyama aliye hai hukutana na tatizo moja kabla ya mengine yote: mnyama hajui kwamba anachorwa. Mtu unaweza kumwomba ageuze shingo, ukampa chai apumzike, kisha akarudi palepale alipokuwa. Mbwa akisikia hodi mlangoni ameshaondoka, na mkao uliokuwa ukiuhangaikia hauonekani tena siku hiyo. Mwaka 1995 mchoraji Mwingereza David Hockney, akiwa na makazi Los Angeles, alitumia takriban miezi 3 akiwachora mbwa wake wawili, Stanley na Boodgie, akapata picha 45 hivi za rangi ya mafuta. Watu wengi huzitazama, wakatabasamu, wakapita. Mimi naziweka miongoni mwa kazi zinazomfaa zaidi mwanafunzi wa uchoraji, kwa sababu sehemu kubwa ya ustadi wake ilifanyika kabla brashi haijagusa turubai.

Alianza kwa kuipanga nyumba. Aliacha karatasi kubwa huku na huko, ili mbwa wakijilaza popote asihangaike kutafuta pa kuchorea. Turubai na rangi vilikaa tayari muda wote. Hili ni jambo dogo kulisema, lakini aliyewahi kushika brashi anajua dakika zinavyoliwa na maandalizi: kufungua vifuniko, kukamua rangi, kutafuta kitambaa cha kufutia, kurekebisha stendi. Mbwa hasubiri hayo. Hockney aliyamaliza mapema, hivyo Stanley alipojikunja kwenye mto kilichobaki kilikuwa kutazama na kupaka.

Kisha akashusha turubai karibu na sakafu. Mbwa hao walikuwa dakshundi, aina yenye kiwiliwili kirefu na miguu mifupi mno, mgongo wake haufiki goti la mtu mzima. Ukimchora umesimama, unapata mgongo na masikio tu. Miguu inapotelea chini ya mwili na uso unajificha. Ukishuka hadi usawa wake, unaiona pua iliyochomoza juu ya ukingo wa mto, tumbo lililolegea, wayo uliogeukia juu. Mtazamaji naye anashushwa pamoja na mchoraji, na nadhani hapo ndipo upole wa picha hizo unapotoka. Haukupakwa juu baadaye kama mapambo. Umo kwenye kimo cha jicho.

Karibu picha zote zinaonyesha mbwa wamelala au wamejinyoosha. Sidhani hilo lilitokana na mapenzi peke yake. Siku ya mbwa ina ratiba: chakula, matembezi, usingizi. Anayefuga mbwa anajua kwamba aliyetembezwa vizuri na kushiba atalala kwa muda wa kutosha mtu kufanya kazi ya maana. Hockney alikuwa pia na nyumba ndogo kando ya bahari huko Malibu, na mbwa hao walikuwa wakitembea naye ufukweni. Matembezi kwa hiyo yalikuwa na faida mbili kwa kazi. Yanamwonyesha mchoraji mwili wa mnyama ukiwa katika mwendo, jinsi bega linavyopanda na kiuno kinavyoyumba, na yanamletea usingizi ule anaouhitaji. Mchoraji asiyemjua mnyama wake akitembea hawezi kumchora vizuri akiwa amelala, maana uzito wa mwili uliolala hutokana na misuli iliyoachia, na sharti uwe umeiona kwanza ikiwa imekaza.

Sasa tuangalie rangi yenyewe. Manyoya hayakuchorwa unywele mmoja mmoja. Mwili unajengwa kwa mipigo mipana ya kahawia, na brashi inafuata mviringo wa mgongo badala ya kuukata. Mbwa wanapolala pamoja, Hockney anawashika kama umbo moja kwanza, ndipo anaamua kichwa cha huyu kiko wapi na paja la yule linaanzia wapi. Nyuma yao hakuna chumba chenye samani nyingi; kuna mto, kuna rangi bapa kadhaa zilizokolea, basi. Huo ni uamuzi wa mtu aliye mbioni na anayejua cha kuacha. Rangi ya mafuta ilimsaidia pia, kwa sababu haikauki upesi: angeweza kuweka rangi mbichi juu ya rangi mbichi, akasogeza ukingo wa sikio bila kungoja. Mwanafunzi wa Bagamoyo au Nairobi asiye na mbwa ndani ya nyumba anaweza kujaribu hayohayo kwa paka wa barazani au mbuzi waliolala kivulini adhuhuri. Abebe karatasi kubwa, akae chini, aanze na umbo zima.

Kasi hiyo haikuanzia Los Angeles. Hockney alizaliwa Bradford mwaka 1937 na akasoma katika chuo cha sanaa cha mji huo kuanzia 1953 hadi 1957, miaka ya kuchora watu walio mbele yake siku baada ya siku. Alipofikia umri wa kuitwa jeshini alikataa kwa sababu za dhamiri, akafanya kazi hospitalini badala yake kwa miaka miwili. Aliporudi masomoni mwaka 1959, safari hii Royal College of Art jijini London, mkono ulikuwa umekaa muda mrefu bila kazi ya kutosha na hakujua achore nini. Alichochagua kinastahili kuangaliwa sana: kiunzi cha mifupa ya binadamu. Alikichora kwa undani mkubwa, mfupa kwa mfupa, kwa muda mrefu. Mwanafunzi mwenzake, R. B. Kitaj, aliipenda kazi hiyo hata akainunua kwa pauni 5.

Kiunzi hakipumui, hakichoki, hakiondoki. Mkono unaorejea kazini unaweza kukosea, ukafuta, ukarudia, na kitu chenyewe bado kipo palepale. Mimi ninaona huo ni uchaguzi wa kiufundi kuliko kitu kingine: alipima mkono wake una uwezo gani siku ile, akatafuta kitu chenye kasi inayolingana nao. Mwaka 1995 alifanya kinyume chake, kwa sababu wakati huo mkono ulikuwa na nguvu na kilichoumia kilikuwa moyo. Rafiki yake mkubwa Henry Geldzahler alikuwa amefariki mwaka 1994, baada ya miaka ambayo marafiki wengine kadhaa walizikwa kwa sababu ya UKIMWI. Masikio nayo yalikuwa yakimwacha tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mbwa hawakumtaka asikie vizuri, wala hawakumtaka azungumze. Walimtaka awe macho, basi.

Ugonjwa wa kweli ulikuja Oktoba 2012, alipokuwa na umri wa miaka 75 na akiishi Bridlington, mji wa pwani huko Yorkshire. Alipata kiharusi. Kilimgusa kwenye usemi: alianza sentensi akashindwa kuimalizia. Mkono wa kuchorea ulisalimika. Mwezi uliofuata watu wasiojulikana walikikata kisiki kirefu cha mti alichokuwa amekichora mara nyingi na kukiita Totem. Alichukua mkaa akakichora kikiwa kimelala.

Kisha akaendelea na mkaa. Kwenye barabara ya Woldgate, nje kidogo ya mji, alichagua sehemu 5, na kuanzia majira ya baridi hadi mwishoni mwa Mei 2013 akachora kila sehemu mara 5. Ikawa michoro 25. Barabara hiyohiyo alishaichora mwaka 2011 kwa rangi kali kwenye iPad, kwa hiyo kuziacha rangi ulikuwa uamuzi, wala si upungufu. Mti hauondoki kama mbwa, lakini hausimami kama kiunzi. Unabadilika kwa mwendo wa wiki. Anayetoka kuugua anaweza kurudi kesho akaukuta karibu kama ulivyokuwa, na baadhi ya majina ya michoro hiyo yana tarehe mbili, ushahidi kwamba mchoro ulikamilika kwa zaidi ya siku moja.

Mkaa nao una tabia yake. Huna rangi ya kijani ya kukusaidia kusema kwamba majani yamechipua. Itabidi useme kwa namna ya alama. Mwezi Februari matawi ni mistari iliyokatwa wazi dhidi ya anga, na barabara iliyolowa inapatikana kwa kuiacha karatasi nyeupe ionekane kati ya madoa. Kufikia Mei mistari imezama ndani ya vinukta, vikunjo na misuguo, na vivuli vinalala barabarani kwa weusi uliosuguliwa ukalainika. Weka mchoro wa kwanza na wa tano wa sehemu moja pamoja: pembe ileile, kimo kilekile cha jicho, alama tofauti kabisa. Mimi ningemshauri mwanafunzi aanze kujifunza mkaa hapo kabla ya kitabu chochote.

Mwaka huohuo alirejea Los Angeles, na mnamo Julai akaanza picha za watu. Kila aliyekuja alikaa kwenye kiti kilekile, akachorwa kwa akriliki kwenye turubai ya kipimo kilekile, muda usiozidi siku 3 hivi. Picha 82 za watu zilionyeshwa London mwaka 2016, pamoja na moja ya matunda kwenye benchi, iliyochorwa siku ambayo mtu aliyetarajiwa hakufika.