Miwani ya Kabiru: Mwenye Macho Akaione!

Jamani, nimeiona! Miwani ya msanii Cyrus Kabiru, ile aliyoipa jina C-Stunners, nimeisogelea hadi pua ikakaribia kuigusa, na moyo bado unanidunda. Kumbe picha za kwenye simu zilikuwa zikininyima utamu wote!

Ukiikaribia ndipo waya unajitokeza: umesokotwa, ukapindwa, ukazungushwa tena hadi ukawa fremu pana kuliko uso. Hapa kifuniko cha chupa, pale kipande cha chuma. Ni taka za Nairobi, lakini hakuna kilichobandikwa ovyo. Kando yake kuna picha kubwa ya Kabiru mwenyewe akiwa ameivaa, na ghafla mambo yanageuka: miwani ndiyo inayokutazama wewe!

Haya yote yalianza utotoni. Kabiru, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, alitamani miwani ya kweli kupita kiasi. Baba yake, ambaye naye utotoni aliwahi kuadhibiwa kwa kuharibu miwani, hakutaka hata kuisikia. Akamwambia kama anaitaka, ajitengenezee. Akajitengenezea! Wala hakukoma; leo kazi hiyo imefika hadi jumba la sanaa la Zeitz MOCAA, Cape Town.

Sisi wa Ndalu, huku magharibi mwa Kenya, hatuhitaji kuelezwa. Mtoto gani wa huku hajasukuma gari la waya lenye magurudumu ya ndara kuukuu, akinguruma kwa mdomo njia nzima? Wengi wetu tuliambiwa tumekua, tukaliacha uani. Kabiru aliendelea kusokota.

Kilichonimaliza kabisa ni baiskeli. Black Mamba, ile iliyobeba magunia ya mahindi na mitungi ya maziwa kabla pikipiki hazijateka barabara zetu, Kabiru ameifumua akaiunda upya ikawa sanamu. Kila kipande ninakijua kwa jina. Umbo zima sijawahi kuliota!

Sasa naomba jambo moja. Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974, yalitokana na mkusanyo wa wadudu, ndege na vitabu wa mtu mmoja, Hugh Stoneham. Nyumba iliyojengwa juu ya mapenzi ya mtu mmoja kwa vitu vyake ndiyo inayoifaa kazi hii. Iletwe Kitale! Na watoto wa Ndalu waingie wa kwanza, magari yao ya waya mikononi, wala asiwepo wa kuwaambia wayaache mlangoni.