Fomu Nyeupe, Wino Mweusi na JPEG

Kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 2017, tume ya uchaguzi, IEBC, ilitangaza kwamba vituo 11,155 kati ya 40,883 vya kupigia kura havikuwa na mtandao wa 3G wala 4G. Mkaazi wa Fafi au Ijara, kaunti ya Garissa, hakushangaa. Msimamizi wa kituo alitakiwa kutuma picha ya Fomu 34A, yenye matokeo ya kituo, kwa kifaa cha kielektroniki cha KIEMS, na akikosa mtandao asogee hadi aupate. Lawama zikaelekezwa kwenye minara ya simu. Lakini tuangalie pia uzito wa picha.

Picha ya pikseli milioni 8, kila moja baiti tatu, ina megabaiti 24. Kwa kasi ya kilobiti 100 kwa sekunde, itachukua dakika 32. JPEG, mfumo wa kubana picha, ikiibana hadi sehemu moja ya kumi, ni dakika tatu na ushee.

Inaibanaje? Kwanza hutenga mwangaza na rangi, kisha kwa kawaida hupunguza habari za rangi, maana jicho huona mwangaza vizuri zaidi. Halafu hukata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8. Kila kipande huwa namba 64: ya kwanza hubeba wastani wake, zinazofuata hubeba mabadiliko, ya taratibu hadi ya ghafla. Hesabu hiyo waliichapisha Nasir Ahmed, T. Natarajan na K. R. Rao mwaka 1974. Ahmed aliwahi kuiombea fedha za utafiti Marekani akanyimwa! JPEG yenyewe ilikuja 1992.

Namba hizo 64 hugawanywa na kukadiriwa, na nyingi za mabadiliko ya ghafla huwa sufuri. Hapo ndipo faili hupungua. Kilichotupwa hakirudi.

Kwa picha ya mto Tana hasara haionekani. Fomu ni mambo mengine: ukingo wa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe ni mabadiliko ya ghafla matupu. Ikibanwa kupita kiasi, madoadoa huzuka kandokando ya tarakimu, na 3 ya haraka haraka ikasomeka 8. Kuigeuza kuwa PDF hakuponyi, maana PDF ya skani mara nyingi imebeba JPEG tumboni.

Kwa hiyo ukipiga picha ya hati, kata pembeni, ondoa rangi, bana mara moja tu. Kwenye WhatsApp itume kama dokumenti, si kama picha, isije ikabanwa tena. Na picha ya awali usiifute.