Uzi Unapovutwa: Uhakiki wa Mapambo ya Msimu wa Kupukutika

Boga la uzi huanza likiwa kipande bapa cha mstatili. Mfumaji huanzisha vitanzi kwenye sindano, tuseme 60, kisha hufuma viwili kwa mbele na viwili kwa nyuma, safu juu ya safu, bila kuongeza wala kupunguza, mpaka kipande kipate kimo anachokitaka. Hapo mkononi ana kitu kisichofanana na boga hata kidogo: kitambaa chenye mifuo iliyosimama, ukikivuta kinatanuka, ukikiachia kinajikunja. Anashona ubavu kwa ubavu apate neli. Anapitisha uzi kwenye ukingo wa chini, anavuta, tundu linafumba. Anajaza pamba. Anapitisha uzi kwenye ukingo wa juu na kuvuta tena, na katika mvuto huu wa pili boga linatokea mara moja, mabega yamejaa, kitovu kimezama.

Mapambo haya ni ya Amerika ya Kaskazini. Kuanzia mwishoni mwa Septemba, siku zinapofupika na miti kuanza kuvua majani, watu hufuma, husokota na kuzungushia nyuzi vitu vya kuweka mezani, dirishani na mlangoni: maboga, mashada ya duara, mitungo ya majani. Hukaa hapo kupitia Halloween ya tarehe 31 Oktoba na sikukuu ya Shukrani, ambayo Kanada huiadhimisha Jumatatu ya pili ya Oktoba na Marekani Alhamisi ya nne ya Novemba. Kazi hizi husifiwa kwa kuwa rahisi na kwa kuleta joto nyumbani, na sifa zake huishia hapo. Hatima hiyo tunaijua Afrika Mashariki. Vitambaa vya kroshia vimelala juu ya migongo ya makochi yetu miaka mingi, na ni nadra mhakiki kuikagua fani yake kwa makini anayoyatoa kwa ubeti wa shairi. Vinastahili. Maboga haya nayo yanastahili, na yakikaguliwa hivyo hayabaki sawa yote: mengine yana fani, mengine yana rangi tu.

Kipimo changu ni mvuto. Uzi una nguvu upande mmoja tu, wa kuvutwa. Haujui kusukuma, haujui kusimama wenyewe. Pambo la uzi lenye umbo la kweli ni lile ambalo ukiliuliza kwa nini limejipinda hapa au limezama pale, jibu liko kwenye uzi fulani unaovuta mahali fulani. Anni Albers, mfumaji aliyesomea shule ya Bauhaus na ambaye mwaka 1949 Museum of Modern Art ya New York ilimfanyia onyesho la peke yake, alitetea maisha yake yote wazo kwamba malighafi ina neno la kusema kabla ya mbunifu kufungua kinywa. Yeye alisema hayo juu ya vitambaa vya mtande na mshindio, lakini boga la mezani linahukumiwa kwa kanuni ileile.

Tulitazame basi kwa karibu. Vitanzi vya mbele na vya nyuma vikifuatana wimawima, nguzo za vitanzi vya mbele hujitokeza na za nyuma hurudi ndani. Hakuna aliyezichonga. Kila kitanzi kina mwelekeo wa kujikunja upande wake, na vinapopangwa viwili kwa viwili, mielekeo hiyo inashindana mpaka kitambaa kinapata migongo na mabonde. Kwa vitanzi 60 hupatikana migongo 15, yote sawa. Takriri hii ndiyo uti wa umbo zima. Neli inapofumbwa juu na chini, migongo iliyokuwa sambamba inalazimika kukutana. Inasogeleana kadiri inavyopanda, inaminyana, inaishia kwenye kitovu kimoja. Kumbuka mfumaji hakupunguza kitanzi hata kimoja. Kule juu nyama ya kitambaa ni ileile ya katikati, imebanwa tu, ndiyo maana mabega ya boga yana ule ujazo ambao boga la kroshia lililofumwa kwa kuhesabu na kupunguza haliupati. La kuhesabu hutoka kama mpira uliotiwa rangi ya machungwa. La kuvutwa lina uzito machoni.

Kisha kuna mvuto wa tatu, ambao wengine huuacha. Sindano ndefu inaingia chini, inatokea juu katikati, uzi unazungushwa kwa nje mpaka chini, unavutwa, na hivyo mara sita au nane kuzunguka. Hapa ndipo uzi unapofanya kazi mbili kwa pamoja. Unaonekana kwa nje ukiwa mstari, na kwa ndani unavuta kitovu cha juu kukikaribia cha chini, boga likakaa chini kwa utulivu badala ya kusimama kama yai. Wengi hutumia uzi wa rangi ileile ili mstari usionekane. Mimi ningependa uonekane. Mstari uliofichwa unamwacha mtazamaji na mbonyeo usio na sababu. Mstari wa rangi iliyokolea kidogo unamwonyesha sababu na tokeo mahali pamoja.

Kikonyo ni mtihani mwingine. Watu wengi huchomeka kijiti cha mdalasini, na kwa msomaji wa Zanzibar anayeijua harufu hiyo katika pilau, jambo hili laweza kuonekana la ajabu. Kifani ni chaguo zuri. Uzi wote ni laini, na hapa panaingia kitu kigumu, kikavu, chenye kingo; gome lililojiviringisha linarudia kwa udogo ule ule mzunguko wa neli iliyolizaa boga. Kikonyo cha kroshia kilichojazwa pamba hulegea na kuinama kabla ya Oktoba kwisha. Si lazima pambo lote litoke kwenye uzi.

Macho na mdomo vinavyobandikwa kwa ajili ya Halloween ndivyo vinavyoniudhi. Sura ya boga la kweli hupatikana kwa kisu: unatoa nyama, unaweka mshumaa ndani, na giza la nje na mwanga wa ndani ndivyo vinavyochora uso. Ni fani ya kutoboa. Pembetatu nyeusi zilizobandikwa kwa gundi juu ya migongo iliyofumwa zinaikata takriri bila kuleta mwanga wowote. Pambo linapoteza kile lilichokuwa nacho na halipati kile lilichokitamani.

Shada la mlangoni linaonekana rahisi kuliko yote: duara la povu gumu, uzi unazungushwa mpaka povu lisionekane. Lakini hesabu yake ina ukaidi. Chukua duara lenye kipenyo cha sentimita 30 kwa nje na 20 kwa ndani. Mzingo wa nje ni karibu sentimita 94, wa ndani karibu 63. Nyuzi zinazogusana vizuri kwa nje, kwa ndani lazima tatu zigombee nafasi ya mbili. Mzungushaji mwenye pupa huzipandanisha ovyo, upande wa ndani ukatoka mavimbe. Mwenye subira huzilaza kwa mpangilio, kila uzi ukiegemea mgongo wa mwenzake, na msongamano wa ndani unageuka miali inayofunguka kuelekea nje. Hapo shada halihitaji kitu kingine. Bahati mbaya wengi hawaliamini, hulijaza vishada, matufe ya nyuzi zilizokatwa na maua ya fulana kuukuu, miali yote ikafunikwa.

Majani ndiyo udhaifu mkubwa wa mapambo haya. Jani la mepo, lile la bendera ya Kanada, linatambulika kwa ukingo wake: ncha, mapengo, ncha. Uzi ni hodari wa ujazo na dhaifu wa ukingo. Ukifuma jani kwa sindano mbili, ukingo unajikunja kwa sababu ileile iliyolipa boga migongo yake. Nguvu iliyokuwa rafiki imekuwa adui. Watu hulinyoosha kwa wanga, au kwa mvuke kama uzi ni wa akriliki, nao akriliki ukipata mvuke mwingi hulegea na haurudi tena. Jani linabaki bapa na limekufa, katika maana isiyotakiwa.

Ila rangi inaweza kuliokoa. Majani ya msimu huu hayapakwi manjano; umanjano wa karotenoidi ulikuwemo tangu awali, umefunikwa na klorofili, na klorofili inapovunjika ndipo unapojitokeza. Wekundu ni habari nyingine, huo mti huutengeneza upya siku hizohizo. Nimeona jani lililofumwa kwa nyuzi mbili zilizoshikwa pamoja, kijani na manjano, halafu katikati ya kazi kijani kikaachwa na manjano ikaendelea peke yake. Ukingo wake ulikuwa umejikunja vilevile. Sikuujali. Uzi mmoja ulikuwa umeondoka na mwingine umebaki, na hilo ndilo jambo linalotokea ndani ya jani.

Kwa nini hili lilifaulu? Nadhani ni kwa sababu lilikuwa na wakati ndani yake, na hapo namkumbuka fundi mkongwe zaidi kuliko wote niliowataja. Wawixárika wa milima ya Sierra Madre Occidental, magharibi mwa Meksiko, huzungushia nyuzi vijiti viwili vilivyopishana na kupata msalaba wenye jicho la pembe nne, tsikuri. Katika Tatei Neixa, sherehe ya malimbuko ya mahindi machanga na maboga, watoto wadogo huwa na tsikuri zao, na kwa desturi jicho huongezwa kila mwaka mpaka mtoto atimize mitano. Fani yake ni mvuto mtupu. Uzi unaanzia kati, unazunguka mkono mmoja wa msalaba, unakwenda wa pili, wa tatu, wa nne. Hakuna gundi, na vijiti vyenyewe vinashikana kwa sababu uzi umekaza. Ukilegea mahali pamoja, yote yanateleza. Upana wake ni umri.

Shule na kambi za watoto za Marekani zimelichukua umbo hili kwa muda mrefu, na leo linatundikwa kwa rangi za machungwa na kahawia pamoja na mapambo mengine ya msimu. Linapendeza, maana jiometri yake haiharibiki kirahisi. Lakini limefanywa kwa mkao mmoja, na kilichokuwa miaka kimekuwa rangi. Sipendekezi watu waige ibada isiyo yao. Kanuni ya umbo, hata hivyo, inaweza kuhamia kwenye shada la mlangoni, lililo la kwao. Duara lizungushiwe robo tu mwaka huu, kwa uzi mmoja uliolazwa vizuri. Robo tatu zibaki povu tupu, zitundikwe hivyohivyo mbele za wageni. Msimu ujao uzi mpya ufungwe kwenye mkia wa ule wa zamani, fundo liwekwe mbele linapoonekana, na mkono uendelee kutoka hapo.