Mafundi wa Majedwali

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 katika Mkoa wa Katavi. Sensa ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Mtu asiyeujua mkoa huu akizikuta namba hizo mbili zimekaa jirani kwenye jedwali la Excel, atatamani kurekebisha mojawapo. Atadhani kuna vijiji vilivyoingizwa mara mbili, au karani amegonga tarakimu isiyo yake. Mkoa gani unazidi maradufu ndani ya miaka 10? Lakini namba zote mbili ndizo. Watu wamehamia Katavi na mifugo yao na majembe yao, wakifuata ardhi na malisho, hadi ongezeko la mkoa likafika asilimia 7.1 kwa mwaka wakati la nchi nzima lilikuwa 3.2. Fundi mzuri wa kusafisha data anaijua habari hiyo kabla hajagusa kitu, na anaziacha namba zilivyo.

Naanza na hilo kwa sababu kazi hii hudharauliwa. Sifa humwendea aliyechora grafu na aliyesimama mbele ya kikao akaisoma. Aliyekaa siku nzima akipitia mistari elfu kadhaa ili grafu hiyo iwe ya kweli hatajwi, na mara nyingi hudhaniwa kwamba kazi yake ni kubonyeza tu. Mimi naiona kuwa kazi ya ujuzi mkubwa, na kipimo cha ujuzi huo ni kutambua kipi kirekebishwe na kipi kisiguswe kabisa.

Tuseme majedwali ya mavuno yamefika ofisi ya mkoa mjini Mpanda kutoka halmashauri zote tano za mkoa: Manispaa ya Mpanda, Tanganyika, Nsimbo, Mlele na Mpimbwe. Kazi ya kwanza ni majina. Mji mkongwe ulio kando ya Ziwa Tanganyika, ule wenye misheni ya Mapadri Weupe, wapo wanaouandika Karema na wapo wanaouandika Kalema, na wote wanauona uandishi wao kuwa sahihi. Kata ya Mpanda Hoteli huja pia kama Mpanda Hotel, kama M/Hotel, na kama Mpanda Hoteli iliyoachiwa nafasi moja mwishoni, nafasi ambayo jicho haliioni. Kwa kompyuta hizo ni kata nne tofauti, na kila moja itapewa jumla yake.

Ziko programu zinazosaidia. OpenRefine, kwa mfano, ambayo mwaka 2010 iliitwa Google Refine na tangu 2012 inaendelezwa na jumuiya huru, hukusanya majina yanayofanana na kuuliza kama yaunganishwe. Hapo ndipo fundi anapoonekana. Programu inayopima ufanano kwa kuhesabu herufi itaona Karema na Kalema zinatofautiana kwa herufi moja, na Mamba na Magamba kwa herufi mbili tu. Inaweza kushauri yote yaunganishwe. Anayeijua Katavi ataunganisha jozi ya kwanza na kuikatalia ya pili, maana Mamba iko Mpimbwe na Magamba iko katika Manispaa ya Mpanda. Neno "Mpanda" likija peke yake ni gumu kuliko yote: ni manispaa, ni wilaya, na katika majedwali ya zamani ni halmashauri ambayo leo inaitwa Tanganyika. Hapo hakuna fomula ya kusaidia. Fundi hutazama mwaka wa faili, huangalia kata zilizoorodheshwa chini yake, na ikibidi humpigia simu aliyelituma.

Baada ya majina huja umbo, na sehemu hii ndiyo ninayoipenda zaidi kuitazama. Majedwali ya ofisini hutengenezwa yasomwe na macho kwenye karatasi. Juu kuna kichwa cha habari kilichoenea visanduku vinane vilivyounganishwa, chini yake miaka imepangwa kwa upana, chini ya kila mwaka kuna mahindi, mpunga na tumbaku, na kila baada ya vijiji kadhaa kuna mstari wa JUMLA. Baadhi ya visanduku vina rangi ya njano kwa sababu aliyejaza alikadiria tu. Mkuu wa idara anasoma na kuelewa. Kompyuta haiwezi kuchambua kitu hapo.

Fundi hulifumua jedwali hilo kama fundi cherehani anayefumua gauni mshono kwa mshono ili alishone upya bila kupoteza kitambaa. Mwishoni kila mstari unabeba jambo moja: kijiji kimoja, zao moja, msimu mmoja, kiasi kimoja. Kila safu inabeba aina moja ya habari. Mtakwimu Hadley Wickham aliieleza kanuni hiyo vizuri katika makala yake ya 2014 kuhusu data nadhifu, na mwanasayansi wa kompyuta Edgar Codd alikuwa ameweka msingi wake mwaka 1970. Lakini kanuni ni nyepesi kuliko utekelezaji. Rangi ya njano, kwa mfano, mara nyingi hupotea faili likihamishiwa kwenye programu ya uchambuzi. Fundi makini huigeuza kuwa safu mpya yenye neno "makadirio", ili uaminifu wa karani aliyepaka rangi usipotee. Mistari ya JUMLA lazima iondolewe, la sivyo mavuno yatahesabiwa mara mbili, ila haiondoi kabla hajaitumia. Hujumlisha vijiji mwenyewe, akalinganisha na jumla iliyoandikwa, na pale zisipokubaliana anajua ni kata gani ya kurudia.

Mipaka nayo huhama. Kabla ya 2012 Katavi ilikuwa sehemu ya Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilitoa mistari mitatu kwa mkoa mpya: Mpanda Mjini watu 102,900, Mpanda 179,136, na Mlele 282,568. Leo halmashauri ni tano, na anayetaka kulinganisha Mlele ya wakati ule na Mlele ya sasa atapata anguko la ajabu la watu ambalo halijawahi kutokea. Fundi hushuka hadi ngazi ya kata, akazipanga upya kata za zamani chini ya halmashauri za leo, kisha akajumlisha. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna njia ya mkato iliyo salama.

Yapo mambo madogo yanayomtambulisha aliyekomaa. Kisanduku kitupu hakijazi sifuri: sifuri kwenye daftari la mvua maana yake mtu alitazama kipimo akakuta hakuna maji, na kisanduku kitupu maana yake huenda hakuna aliyetazama. Akikuta namba 44796 katika safu ya tarehe hashtuki, maana Excel huhesabu siku kuanzia mwaka 1900, na hiyo ni 23 Agosti 2022, siku ya sensa. Akikuta 3/4/2022 hasemi ni Aprili wala Machi mpaka aone tarehe nyingine za faili hilohilo. Akikuta daftari la zahanati limejaa wagonjwa waliofika saa 2, saa 3 na saa 4, anaelewa kwamba mwandishi alitumia saa zetu, na kwamba kituo hakikupokea foleni usiku wa manane.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ndiyo yenye hatari kubwa. Ina tarakimu 20, na Excel hushika tarakimu 15 tu za namba. Ukiiandika mfululizo bila kukitayarisha kisanduku kama maandishi, tarakimu tano za mwisho zinageuka sifuri, na hakuna fomula itakayozirudisha. Wakulima wawili waliozaliwa siku moja na kusajiliwa eneo moja wanaweza kugeuka mtu mmoja, na mmoja wao akakosa mbolea yake ya ruzuku. Hapo fundi hasafishi. Anarudisha faili lilikotoka na kuomba liandikwe upya.

Na magunia? Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, ingalipo. Safu ya mavuno ikisema 40, kisha 35, kisha 3,800, mbili za kwanza huenda ni magunia na ya tatu kilo. Fundi huhifadhi kilichoandikwa katika safu yake, huongeza safu ya kipimo, na huuliza afisa ugani kabla hajazidisha kwa 100.

Makosa ya namna hii hayachagui nchi tajiri wala maskini. Oktoba 2020 Uingereza iligundua kwamba karibu wagonjwa 16,000 wa Uviko-19 walikuwa wameachwa nje ya takwimu, kwa sababu faili la Excel la muundo wa zamani halikuweza kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mwaka 2013 ilibainika kwamba wachumi Reinhart na Rogoff, katika makala yao maarufu ya 2010 kuhusu madeni ya serikali, walikuwa wameziacha nchi tano nje ya fomula moja ya wastani. Makala hiyo ilikuwa imetumika kutetea sera za kubana matumizi katika nchi kadhaa.

Fundi ninayemsifu hujilinda kwa njia mbili. Kwanza, faili la awali halifuti wala haandiki juu yake. Hulihifadhi kama lilivyopokelewa, na hufanya kazi kwenye nakala. Pili, huandika kila badiliko: alichokikuta, alichokiweka, sababu, na nani alimthibitishia.

Basi nawaomba wakuu wa idara katika halmashauri zetu: ripoti ikifika mezani, ombeni na orodha hiyo ya mabadiliko, na jina la aliyeiandika liwekwe ukurasa wa kwanza pamoja na majina ya wengine.