Wati Haziokoti Manyoya: Uchambuzi wa Kifyonza Vumbi katika Nyumba Yenye Paka au Mbwa

Kifyonza vumbi, yaani mashine ya umeme inayovuta hewa pamoja na uchafu wa sakafuni na kuubakiza uchafu huo ndani ya mfuko au chombo huku hewa ikitoka nje, hukabiliwa na kazi mbili zisizofanana pale kinapotumika katika nyumba yenye paka au mbwa. Kazi ya kwanza ni kuunasua unyoya uliojisokota katika nyuzi za zulia au kitambaa cha kochi, na hiyo ni kazi ya kuchambua na kukwangua kuliko ilivyo kazi ya kuvuta. Kazi ya pili ni kuizuia mba ya mnyama, yaani vipande vidogo mno vya ngozi iliyokauka, isipite ndani ya mashine na kurudishwa chumbani kupitia tundu la kutolea hewa. Makosa mengi ya ununuzi hutokana na kuzichanganya kazi hizi mbili na kuzipima kwa tarakimu moja iliyochapishwa kwa maandishi makubwa ubavuni mwa boksi, nayo ni idadi ya wati.

Wati huonyesha kasi ya mota kutumia nishati ya umeme, wala hazionyeshi kiasi cha uchafu unaookotwa. Nguvu inayoufikia uchafu hupatikana kwa kuzidisha vitu viwili, ambavyo ni shinikizo la mvuto, linalopimwa kwa kilopaskali, na mtiririko wa hewa, unaopimwa kwa lita kwa sekunde. Mvuto wa kilopaskali 10 ukiambatana na mtiririko wa lita 20 kwa sekunde hutoa wati 200 za hewa, hata kama mota yenyewe inakula wati 1,000 za umeme, na sehemu kubwa ya nishati inayobaki hugeuka kuwa joto. Kilopaskali nazo zikitajwa peke yake hupotosha, kwa kuwa kiwango cha juu kabisa cha mvuto hupimwa mdomo wa bomba ukiwa umezibwa, hali ambayo hewa haisogei na hakuna unyoya unaoweza kusafirishwa.

Historia ya mashine hii inaonyesha wazi kwamba kuvuta hewa peke yake hakukutosha. Mhandisi Mwingereza Hubert Cecil Booth, aliyepata hataza mwaka 1901, alijenga mtambo mkubwa uliokokotwa na farasi na kuegeshwa barabarani, huku mabomba marefu yakipitishwa madirishani ili kufyonza vumbi la ndani, na mtambo huo ulitegemea mvuto tu. Miaka michache baadaye James Murray Spangler, mfanyakazi wa usafi katika duka la mji wa Canton, Ohio, nchini Marekani, ambaye alisumbuliwa na pumu na aliona kwamba vumbi la ufagio linamzidishia ugonjwa, aliunganisha mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya ya mto, kisha akaongeza kitu ambacho ndicho kiini cha mjadala huu: brashi inayozunguka mbele ya tundu la kufyonzea. Hataza yake ilitolewa mwaka 1908 na kuchukuliwa na familia ya Hoover, ambayo kampuni yake mwaka 1926 iliongeza katika brashi hiyo vipande vya chuma vya kuligonga zulia ili uchafu wa chini upande juu.

Sababu ya brashi kuhitajika ni ya kifizikia. Hewa inayopita juu ya zulia huenda kasi sehemu ya wazi, lakini karibu na shina la nyuzi hupungua mno kutokana na msuguano, na hapo hasa ndipo unyoya hulala. Unyoya wenyewe una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho ambayo huushikilia kwenye nyuzi, na umeme tuli, yaani ule unaozaliwa na msuguano wa vitu vikavu, huuvutia zaidi kwenye kitambaa. Chembe ya mchanga husalimu amri kwa mvuto kwa sababu hakuna kinachoifunga, ilhali unyoya ni lazima ufunguliwe kwanza. Kwa hiyo anayechagua mashine ya nyumba yenye mazulia anapaswa kukigeuza kichwa cha mashine juu chini kabla ya kusoma chochote kilichoandikwa kwenye boksi. Brashi inayoendeshwa na mota yake yenyewe ni bora kuliko ile inayozungushwa na hewa inayofyonzwa, kwani hii ya pili hupunguza mwendo au kusimama kabisa inapokutana na zulia nene, hasa pale inapohitajika zaidi. Rola ya brashi iwe inatoka kwa urahisi bila kuhitaji bisibisi, maana manyoya marefu hujizungusha juu yake na kutambaa hadi kwenye beringi za pembeni, ambako joto la msuguano huzila polepole. Kwa makochi na viti vya gari panahitajika kichwa kidogo chenye brashi ya namna hiyohiyo, na mashine isiyokuwa nacho, hata iwe na mota kubwa kiasi gani, haijakamilika kwa nyumba yenye paka.

Kazi ya pili ni nzito zaidi kwa sababu matokeo ya kushindwa kwake hayaonekani. Watu wengi huamini kuwa wenye mzio wa paka hudhurika kwa manyoya, ilhali kinachowadhuru hasa ni protini iitwayo Fel d 1, ambayo hutengenezwa katika tezi za ngozi na katika mate ya paka, husambazwa mwilini anapojilamba, kisha huruka pamoja na mba. Baadhi ya chembe zinazoibeba ni ndogo kuliko mikroni 5, mikroni moja ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na chembe za ukubwa huo huelea hewani kwa saa nyingi kabla ya kutua. Mashine yenye chujio duni huziokota kutoka zuliani, zilikokuwa zimetulia, na kuzipuliza kwa kasi katika kimo cha pua ya mtoto anayecheza sakafuni. Kwa mtoto mwenye pumu usafi wa namna hiyo ni hatari kuliko vumbi lililoachwa mahali pake.

Chujio linalojulikana kwa jina la HEPA, ambalo asili yake ni kazi za utafiti wa nyuklia za Marekani katika miaka ya 1940, hutakiwa kwa kiwango cha Kimarekani kuzuia asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa mikroni 0.3. Ukubwa huo ulichaguliwa kwa kuwa uko karibu na ule ulio mgumu zaidi kunaswa: chembe kubwa zaidi hugonga nyuzi za chujio kwa uzito wake, na zile ndogo zaidi huyumbishwa huku na huko na molekuli za hewa hadi zikagusa uzi na kunata. Hata hivyo, chujio hilo halina thamani ikiwa hewa inaweza kupita kando yake. Kiungio kisichokuwa na ringi ya mpira, au mfuniko usiobana vizuri, huiruhusu hewa chafu kukwepa chujio kabisa, na ndiyo maana kinachofaa kuulizwa dukani ni kama mashine nzima imezibwa, kwa kuwa neno HEPA peke yake linaweza kuhusu kipande cha chujio tu.

Hapa ndipo suala la mfuko linapoingia. James Dyson, Mwingereza aliyeanza majaribio yake mwaka 1978, aligundua kwamba mfuko hupoteza mvuto kwa sababu vumbi laini huziba vitundu vyake, na baada ya mifano 5,127 alifanikisha mashine inayozungusha hewa kwa kasi kubwa hadi uchafu ukatupwa pembeni na kuanguka ndani ya chombo. Mashine yake iitwayo DC01 iliingia sokoni mwaka 1993. Mafanikio hayo ni makubwa na hayana ubishi. Lakini katika nyumba yenye mtu mwenye mzio, mfuko unabaki kuwa chaguo bora, kwa kuwa chombo kisicho na mfuko humwagwa kwa mkono na wingu la mba hurudi hewani wakati huohuo, na manyoya hujisokota kwenye kichungi cha ndani chenye matundu kiasi cha kulazimu vidole kuyang'oa. Mfuko wa kisasa wa kitambaa cha tabaka kadhaa, wenye kizibo cha kujifunga, hutupwa ukiwa mzima na uchafu wake.

Ubatili wa kuchagua kwa wati ulithibitishwa na sheria za Umoja wa Ulaya. Kuanzia Septemba 2014 mashine zenye zaidi ya wati 1,600 zilizuiwa kuingizwa sokoni, na Septemba 2017 kikomo kikashushwa hadi wati 900, huku sheria hiyohiyo ikidai viwango vya chini vya kuokota vumbi kwenye zulia na kwenye sakafu ngumu, na kutaka vumbi linalorudishwa hewani lisizidi asilimia 1. Watengenezaji walilazimika kuboresha vichwa vya mashine na njia za hewa, na mashine zikaendelea kusafisha. Lebo iliyoandamana na sheria hiyo ilifutwa na mahakama ya Umoja huo mwezi Novemba 2018, katika kesi iliyofunguliwa na kampuni ya Dyson, kwa hoja kwamba vipimo vilifanywa chombo au mfuko ukiwa mtupu. Ikumbukwe pia kwamba sheria yenyewe haikudai kipimo cha kuokota manyoya, hivyo alama nzuri kwenye lebo haikuwa ahadi yoyote kwa mwenye mbwa anayepukutika.

Kwa nyumba nyingi za Afrika Mashariki, ambazo sakafu zake ni za saruji au marumaru na zimetandikwa mikeka inayoweza kukung'utwa nje, hesabu hubadilika. Brashi ngumu juu ya sakafu laini huyarusha manyoya pembeni kabla hayajafyonzwa, kwa hiyo rola laini ya kitambaa au kichwa kisichozunguka hufaa zaidi, na kupiga deki kwa kitambaa chenye unyevu huokota mba ya sakafuni bila kuipeperusha. Mahali penye shida katika nyumba hizo ni makochi, magodoro na mapazia, na fedha itumike kwenye kichwa kidogo cha brashi na chujio zuri kabla ya kitu kingine. Mashine inayotumwa na jamaa kutoka Marekani imetengenezwa kwa volti 120, nayo haiwezi kuchomekwa katika umeme wa volti 230 wa Tanzania au 240 wa Kenya bila transfoma yenye uwezo wa kubeba mota hiyo. Mifuko na machujio yaulizwe bei na upatikanaji kabla mashine haijalipiwa, kwa sababu mfuko unaokatwa, kumwagwa na kushonwa upya ili utumike tena hupoteza mzibo wake, na mba hupita pale pale uliposhonwa.