Maktaba ya Mkulima, Sasa Kiganjani Kihonda

Jamani, Kihonda yetu hapa Morogoro tumepitwa na uhondo! Ndio kwanza nimeufungua Mkusanyiko wa Mkulima, hazina ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na bado siamini kwamba kitu kama hiki ni cha bure.

Twende kwenye utamu wenyewe. Unaingia mkulima.sua.ac.tz, unaandika kuku, unabonyeza. Basi! Machapisho haya hapa, kwa Kiswahili, unasoma au unapakua. Hupandi daladala hadi Msamvu, hubadilishi gari, hujielezi getini kwamba wewe si mwanafunzi. Bando dogo tu.

Na asikwambie mtu kwamba mambo ya vijitabu ni ya wasomi. Chukua kideri, ule ugonjwa wa kuku. Chanjo ya I-2 ni tone moja kwenye jicho la kuku, unarudia kila baada ya miezi mitatu. Tone moja! Asiyelijua hilo anaamka siku moja banda limefagiwa. Mtaani kwetu, ambako karibu kila ua una kuku wanaoparua, elimu hiyo ni pesa taslimu.

Kinachonipagawisha zaidi ni uamuzi ulio nyuma ya mkusanyiko huu. Wenye kazi ni Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, iliyopewa hadhi hiyo kwa sheria ya mwaka 1991. Tayari wana hazina nyingine, SUAIRE, iliyosheheni tasnifu na tafiti, nyingi kwa Kiingereza. Wangeweza kumwambia mkulima wa Mgeta akachimbe humohumo. Badala yake wakamfungulia mlango wake mwenyewe. Mkutubi wa India, Ranganathan, aliwataka wenzake tangu 1931 waokoe muda wa msomaji. Sidhani kama alimfikiria mfugaji wa Kihonda, lakini shabaha imempata.

Je, nimeridhika? Wapi! Mtu akionja asali huchonga mzinga. Hazina za vyuo kwa kawaida hupangwa kwa mtunzi, mwaka na kichwa cha chapisho. Sasa mfugaji atamjulia wapi mtunzi? Yeye anajua kuku wamezubaa, wanaharisha kijani, mmoja kapinda shingo. Nautamani ukurasa wa mbele uanze na dalili hizo, kwa picha na maneno ya bandani, na jibu liwe fupi kabla ya kitabu kizima. Wasanifu waje wakae na wafugaji huku, wawape simu, wanyamaze, waangalie kidole gumba kinakwama wapi. Safari yenyewe ni ya mjini kwa mjini, hata treni ya SGR haihitajiki!

Kiungo nimeshakitupa kwenye kundi la mtaa. Jibu la kwanza: “Na sungura wapo?”

Andika, bonyeza, ndugu yangu.