Harufu katika Lugha na Maandishi ya Kiswahili

Mswahili husikia harufu kama anavyosikia njaa, baridi na uchungu. Usemi huu una hekima ndani yake, maana umeiweka harufu katika jamii ya mambo yanayompata mtu bila ya hiari yake. Kunusa ni tendo. Kusikia harufu ni kupatwa.

Elimu ya ubongo inauthibitisha usemi huo. Habari za macho na masikio hupita kwanza katika kituo kilicho katikati ya ubongo; za pua huzifikia sehemu za hisia na kumbukumbu bila ya kupitia kituo hicho kwanza. Ndiyo sababu mzaliwa wa Kyela anayeishi Dar es Salaam, jirani akifunua chungu cha wali wa mchele wa kwao, huweza kuiona milima ya Livingstone kabla hajapata neno la kusema. Machozi hutangulia, maneno hufuata.

Je, maneno hayo yapo? Hapa ndipo penye kasoro. Lugha yetu ina mizani ya sahani mbili: kunuka kwa kibaya, kunukia kwa kizuri. Washairi wetu wameijaza sahani ya pili kwa tunu za pwani: udi, ubani, asumini, marashi. Siukatai uzuri wake. Nakataa kuufanya kipimo cha kila pua. Mwandishi wa Matema anayempamba bibi yake kwa asumini, ili naye ahesabiwe mshairi, ameazima pua ya watu.

Ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa una harufu zake wenyewe. Dagaa walioanikwa mchangani hutoa shombo, neno ambalo aghalabu huhesabiwa miongoni mwa mabaya; lakini kwa mtoto aliyesomeshwa kwa dagaa hao, shombo ni harufu ya ada ya shule iliyolipwa. Kakao iliyofunikwa kwa majani ya migomba ikachachuka siku kadhaa hutoa harufu kali ya siki. Inanuka au inanukia? Mkulima anayeingoja bei yake hawezi kujibu kwa neno moja, na mizani yetu haina sahani ya tatu.

Upungufu huu si wa maumbile ya binadamu. Mwaka 2014 Asifa Majid na Niclas Burenhult walionyesha kwamba Wajahai, wawindaji wa misitu ya Rasi ya Malay, hutaja harufu kwa wepesi kama wanavyotaja rangi. Lugha hukuza kile ambacho wasemaji wake hukijali.

Basi mwandishi wa ziwani na aanze na kitu chenyewe. Aseme siki, moshi, tope la mpunga na shombo, bila ya kuomba radhi. Akisema sawasawa, msomaji atasikia.